Jina la Mjukuu wa Mwanamvua

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana wauguzi walikuwa na simu mifukoni, paliondokea mama mmoja wa Kizaramo, Mwanamvua, mwenye ulimi mkali. Sisi majirani zake tuliupenda ulimi ule hata ulipotuchoma.

Basi akaota uvimbe kwenye ubongo, karibu na mahali maneno yanapokaa. Usipotolewa, atakufa. Ukitolewa vibaya, ataishi bubu. Mwanamvua akaapa: "Atakayeniachia maneno yangu, mjukuu wangu aliye tumboni ataitwa jina lake." Binti yake Zamda, mwenye tumbo hilo, hakuulizwa.

Akaja fundi Nakijwa. Kwa miaka sita alikuwa akitengeneza utando mwembamba kama ganda la kitunguu, wenye vinasio elfu moja vya kunasa umeme wa ubongo. Ukilazwa juu ya ubongo, sehemu inayofanya kazi inawaka kwenye skrini.

Akaja Daktari Kokuteta, mpasuaji. Upasuaji huo mgonjwa hukaa macho na kuongea, ili ijulikane mahali pasipotakiwa kuguswa.

Wa tatu hakualikwa na wakubwa. Ni Kabula, Mnyamwezi, mtani wake wa miaka thelathini. Mwanamvua aligoma kuingia chumba cha upasuaji bila yeye, wakamvika barakoa na kumketisha karibu na uso wa mgonjwa.

Fuvu likafunguliwa, utando ukalazwa. Mgonjwa akaonyeshwa picha: mbuzi, kikombe, ufagio. Akazitaja zote. Skrini ikawaka upande mmoja, upande wa pili giza. Daktari akashika kisu, akaelekea kwenye giza, akidhani hapo hapana maneno.

Kabula aliogopa, na yeye akiogopa hutania. Akasema, "Wazaramo bwana, mkipewa kitanda mnalala mpaka mnafunguliwa vichwa."

Mwanamvua akajibu, "Kaa hapo hapo. Wakimaliza kwangu, wakutafutie na wewe huo ubongo."

Ule upande wa giza ukawaka nukta nukta. Nakijwa akaona, akasema, "Daktari, simama." Daktari akasimama. Kazi ya saa mbili akaifanya kwa saa saba, akizikwepa zile nukta moja moja, mpaka uvimbe ukatoka na maneno yakabaki.

Zamda akajifungua mtoto wa kike. Wote watatu wakaja kumwona.

Nakijwa akasema, "Bila utando wangu, utani ule ungesikika tu, usingeonekana."

Daktari akasema, "Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Mwingine angesema mashine imekosea, akaendelea kukata."

Kabula akasema, "Ninyi mlimtafuta kwenye picha za mbuzi. Mimi ndiye ninayejua anakoishi."

Nakijwa akamkumbusha kwa upole kwamba siku ile hakujua kama anasaidia. Kabula akakubali. "Sikujua. Niliogopa kumpoteza, basi."

Mwanamvua akawatazama, machozi yakamtoka, na ulimi wote ule ukakosa la kusema.

Mtoto mpaka leo anaitwa "wewe", na Zamda amechoka kusubiri. Haya, mlionisikiliza: mtoto huyu apewe jina la nani?