Kwa Nini Anayerudi Kutoka Mlimani Huchekwa Kwanza

Nimewaona mlivyonuna. Kiongozi wa msafara amerudi na mizigo yake yote, hakufika alikokuwa akienda, na mama mwenye nyumba amemcheka mlangoni kabla hajampa mbege, pombe yetu ya ndizi. Ninyi wageni mmedhani anadhalilishwa. Sogeeni basi niwaambie ilikoanzia.

Enzi zile theluji ya Kibo haikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Ilishuka hadi kwenye malisho, na njia ya kwenda kwa ndugu zetu wa upande wa pili ilipita katikati yake. Aliyeijua njia hiyo kuliko wote ni Mamuya. Alijua kwamba dhoruba ikiisha, theluji mpya hulala juu ya ile ya zamani bila kushikana nayo, kwa hiyo alingoja ishikane. Alipita mgongoni mwa mlima, si mabondeni. Kama hapakuwa na budi kukatiza mteremko, aliwavusha watu mmoja mmoja, wengine wakitazama.

Siku moja alikabidhiwa msafara wa kumpeleka Ndeshi kwa mumewe. Dhoruba iliwakuta njiani wakajificha pangoni, na ilipopita anga likawa safi kabisa. Mamuya alisema wangoje. Mshenga, mtu mwenye mdomo huyo, akaichota theluji mkononi, akamuuliza tangu lini mwanamume akaogopa unga. Watu wakacheka. Mamuya akawafikiria wakwe waliokwisha kupika, na jinsi bibi harusi anayerudishwa njiani husemwa kwamba amekataliwa. Aibu ikamshika, akajitwika mzigo wake.

Walipofika kwenye mteremko, theluji ilititia chini ya mguu wake, ikaguna kwa sauti nzito, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yake. Alijua maana yake. Aligeuka akawaona wote wanamtazama, wanawake wanaimba, wamemzunguka Ndeshi kwa kuwa bibi harusi haachwi atembee peke yake. Aliona aibu kuwaambia waachane wavuke mmoja mmoja, akaona aibu zaidi kuwaambia wageuze. Akaendelea. Alikuwa amekwisha kukanyaga mwamba wa ng'ambo pale mteremko wote ulipokatika ukawafukia waliokuwa nyuma yake.

Aliruka akachimba kwa mikono, na kila aliyefukuliwa alichimba pamoja naye, kwa vibuyu na kwa kucha. Walitoka mmoja mmoja wakikohoa. Ndeshi alitoka wa mwisho, naye hakukohoa.

Mamuya alishuka ameshika jani la isale, ambalo kwetu ni la kuombea msamaha. Alipiga magoti mbele ya mama yake Ndeshi, uso chini, akamweleza yote, hata ule mguno ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Mama alimwacha amalize.

"Kwa hiyo ulijua, baba."

"Nilijua, mama. Niliona aibu kurudi."

"Ungenirudishia mwanangu, ningekucheka jioni ile tu. Kesho yake ningekupikia."

Hakulipokea lile jani. Wala hakumtukana, na nadhani matusi yangekuwa nafuu. Mamuya aliishi miaka mingi, na watu walimsalimu kama zamani, lakini alizoea kupita nyuma ya migomba ili asikutane nao. Aibu ya kuchekwa na mshenga ingekwisha kabla ya chakula. Hii aliingia nayo kaburini, maskini, na mimi kila nikiisimulia naona haya kwa niaba yake.

Na tangu siku hiyo, kiongozi anayegeuza msafara wake mlimani hutokewa na mama mwenye nyumba mlangoni. Mama humcheka kwa sauti, kila mtu asikie, yaishe. Kisha humpa kata ya kwanza ya mbege, na hakuna anayeruhusiwa kumcheka tena. Kesho yake hupikiwa, akala pamoja na wote aliotoka nao.