Ukihesabu Vigae, Hesabu na Vyungu

"Ukihesabu vigae, hesabu na vyungu." Mmeisikia leo, mnataka kujua ilikotoka. Sogeeni. Methali hii ilizaliwa mlimani, kwa wanawake wafinyanzi, wakati bibi Nakiete alipokuwa mkubwa wao.

Nakiete alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma kwa miaka ya kuinamia udongo, na masikio yalimuuma kwa mashtaka. Asubuhi hiyo, kuni na nyasi za kuchomea vyungu zikiwa tayari, Namkunda, mmoja wa wafinyanzi, alimjia na wenzake.

"Bibi, Naetwe asichome nasi tena. Ana mkosi. Kila akija, vyungu vinapasuka. Kama unabisha, litazame lile rundo la vigae."

Naetwe, mjane aliyeolewa kutoka mbali, alisimama kando na vyungu vyake vibichi. Moto ulikuwa wa shirika. Akifukuzwa, wanawe watakula nini?

Neno moja tu, "Aende," lingemrudisha Nakiete kitandani. Lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akajikongoja hadi kwenye rundo.

"Siku alizokuja, vile vilivyotoka vizima viko wapi?"

"Si vilikwenda sokoni, bibi!"

"Basi mashahidi wake wako sokoni. Waliobaki nyumbani ni wa kumshtaki tu."

Namkunda akacheka. "Bibi naye! Tuache tunachokiona?"

Nakiete akapekua chini kabisa kwa fimbo yake, akatoa kigae chenye ukungu. Kila mfinyanzi alikuwa na nakshi yake, na ya kigae hiki ilikuwa ya Namkunda.

"Hiki kilipasuka lini, mama?"

Namkunda akakigeuzageuza. "Nikiwa msichana," akasema polepole. "Naetwe alikuwa hajaolewa huku."

"Sisemi hana mkosi. Nasema hamjanionyesha. Washeni."

Wakachoma pamoja. Majivu yalipopoa, chungu cha kwanza kilitoka kimepasuka. Wote wakamgeukia Naetwe, naye akaanza kujifunga kanga aondoke.

Nakiete hakuinua hata kichwa. "Ukihesabu vigae," alisema kwa uchovu, "hesabu na vyungu."

Namkunda akainama kwenye majivu. Akatoa kizima, akatoa na kingine, mpaka uwanja ukajaa. Naetwe akaifungua kanga yake, akaikunja kata ya kichwani, akajitwika vyake pamoja na wenzake.

Tangu hapo, aliyekuja na shtaka alimkuta Namkunda mlangoni kwa Nakiete, akimlinda bibi apate kulala. Namkunda alimsikiliza mshtaki hadi mwisho, kisha akamwambia kwa sauti ya chini: "Ukihesabu vigae, hesabu na vyungu."