Kihariri Chembamba cha Seline

Binadamu tuna ugonjwa wa kupima nguvu kwa unene. Tukiona kitu kimekonda, tunabetua midomo na kukipa kisogo. Wahenga walilijua hilo, wakatuonya tusione wembamba wa reli, kwani garimoshi hupita. Asiyeamini na amuulize Muturi, aliyekuwa akifanya kazi chumba kimoja na Seline kule mtaani Manyatta.

Seline alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Mwaka uliotangulia, Mto Nyando ulifurika na maji yakaingia nyumbani kwa mamake huko Ahero akiwa amelala. Yalisomba mpunga, kuku na godoro, na nusura yamsombe mama mwenyewe. Tangu hapo Seline aliapa kuunda programu ya kuwatumia wakulima onyo kwa simu kabla mto haujavunja kingo. Chama cha wakulima kilikubali kuiona siku ya Ijumaa. Ikiwaridhisha, wangeitumia msimu huo. Isipowaridhisha, mvua ingewakuta vilevile.

Taabu ilikuwa kipakatalishi chake kikuukuu. Kihariri chake, yaani programu ya kuandikia msimbo au amri za kompyuta, kilikuwa na kila pambo chini ya jua na uzito wa kiboko. Jumatatu mashine iliganda, ikameza kazi ya asubuhi nzima. Seline alilia kwa hasira. Alipokwisha kulia, alikifuta kihariri hicho na kupakua kingine chepesi mno. Hiki hakikuwa na kitu ila ukurasa mtupu, lakini mtu aliweza kukiongezea chochote alichokihitaji.

"Ati hii ndiyo nini?" Muturi aliangua kicheko. "Seline, hii ni ya kuandikia orodha ya sukari na chumvi za dukani!"

"Cheka tu, bwana. Kitanitosha."

Lo, tamaa ikamwingia! Viongezi, vile vijiprogramu vya kukiongezea uwezo, vilikuwa vya bure, naye akavizoa bila simile: cha kupaka maneno rangi, cha kukagua makosa, cha kukisia neno lijalo, hata cha kuonyesha hali ya hewa. Kufikia jioni, kile chembamba kilikuwa kimenenepa, na mashine ikaganda tena.

"Sikukuambia?" Muturi akapiga makofi.

"Kosa si lake, ni langu," Seline akamjibu. "Nimekibebesha mzigo wa punda."

Alivitoa vyote, akarudisha cha kukagua makosa pekee, kisha akajifunga kibwebwe. Mashine haikuganda tena. Alhamisi programu ilikuwa tayari.

Ijumaa, katika ukumbi wa Ahero, onyo lilitumwa na simu za wakulima zikalia. Watu walishangilia. Hapo akasimama Mama Rosa, mwenye shamba kando ya mto, mkono kiunoni.

"Nyathina, mwanangu, umetuambia maji yanakuja. Asante. Sasa tukimbilie wapi? Na mama mkwe wangu anasoma Dholuo tu. Yeye afe?"

Seline alivuta kipakatalishi chake karibu.

"Mama, tutarekebisha wiki ijayo," akadakia Muturi, aliyekuja kumsindikiza mwenzake.

"Na mto nao utangoja wiki ijayo?"

Muturi aliaibika. Alifungua haraka mashine yake mpya ili asaidie, lakini kihariri chake kinene kikadai kusasishwa kwanza. Seline hakumngoja. Alifungua chake, kikafunguka kufumba na kufumbua. Aliwauliza wakulima mahali pa kukimbilia, akaambiwa ni shule iliyo mwinukoni. Akamwomba Mama Rosa amtajie maneno kwa Dholuo, akayaandika papo hapo mbele ya watu wote, akatuma.

Simu zikalia ukumbi mzima. Mama Rosa alisoma ujumbe kwa sauti, akausoma tena, machozi yakimlengalenga.

"Hii mama ataielewa," alisema.

Mzee Ondiek, mwenyekiti wa chama, hakutaka maneno mengi. "Inaanza leo," akatangaza, na vigelegele vikapasua paa.

Muturi alitazama mashine yake, iliyokuwa ingali inajisasisha, akaifunga. "Nimekoma, dada," akasema.

Ama kweli, usione wembamba wa reli, garimoshi hupita.