Shimo Ambalo Muhanga Hakulitaja

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa shimo!
Shimo la nani?
La mwongo!

Haya, mmesema wenyewe.

Hapo kale, Muhanga, mchimbaji hodari, alimposa Nungunungu. Shangazi wa bibi harusi akasema, "Kwanza tupatane. Kila mmoja ataje mali yake. Alichokitaja ni chake peke yake. Lakini akisema uongo, mapatano yamekufa, na mali yote ni nusu kwa nusu."

"Mimi nina miiba yangu," akasema Nungunungu.

Muhanga alikuwa na shimo kubwa, lenye ubaridi, kando ya kichuguu. Alilipenda kuliko roho yake. Akawaza, "Nikilitaja, wakwe watahamia."

Mzee Pimbi, mkubwa wa baraza, akauliza, "Una nini?"

"Kishimo kimoja kibovu."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

"Kweli?"

"Kweli tupu, mzee wangu!"

Wakaoana, wakakaa kibovuni, wakinyeshewa. Kila adhuhuri Muhanga alisema, "Mke wangu, naenda kumwona mgonjwa." Kumbe anakwenda shimoni kwake kukoroma! Kesho, mgonjwa. Keshokutwa, mgonjwa. Nungunungu akajisemea, "Mgonjwa gani huyu, hafi wala haponi?"

Siku moja Muhanga akamkuta Ngiri kajilaza mle.

"Toka! Shimo langu!"

"Lako tangu lini? Wewe si una kishimo kibovu? Tulisikia sote."

Wakaenda barazani. Nungunungu naye akafuata.

Mzee Pimbi akasema, "Muhanga, kama shimo si lako, Ngiri alale. Kama ni lako, ulitudanganya, na mapatano yamekufa. Chagua."

Muhanga akamtazama Ngiri. Akamtazama mkewe. Machozi yakamlengalenga.

"Ni langu," akanong'ona.

"Hatusikii!"

"Ni langu!"

Ngiri akaliacha shimo, Nungunungu akaenda akaingia. "Nusu kwa nusu, bwana. Wewe chukua ya ndani, ina ubaridi. Mimi yanitosha hii ya mlangoni."

Tangu hapo, Muhanga akitaka kutoka hupiga hodi.

"Hodi, mke wangu."

"Waenda wapi?"

"Kumwona mgonjwa."

Miiba husimama yote.

"Waenda wapi?"

"Kula mchwa."

"Pita, mume wangu."

Na angelitaja siku ile, lingekuwa lake peke yake hadi leo, maskini! Mapatano ni ukuta: ukiujenga kwa uongo, utakuangukia wewe uliyejificha nyuma yake.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni nusu kwa nusu. Ikiwa chungu, msiniulize: mimi sina hadithi hata moja.