Pande la Mzee Semhando

Sogeeni. Leo sina utani, nina hasira, na nyinyi mtanisaidia kuzibeba.

Mzee Semhando alikuwa na wakamwana watatu, wake wa wanawe. Riziki alikuwa na macho: sindano ikidondoka mchangani, anaiona. Chausiku alikuwa na mikono: gunia la mahindi analibeba peke yake. Mashavu, mdogo wao, alikuwa na vidole virefu vyembamba, na ndiye mpishi wa nyumba.

Nyumba ile wanaume hula mapande, wanawake hula mchuzi. Idi iliyopita Mashavu alikata nyama ndogondogo, maana mzee meno yamekwisha. Mzee akasukuma bakuli. "Mimi mtoto mchanga? Nikatie pande la mtu mzima!"

Idi hii akakatiwa. Akalitia lote mdomoni, akameza.

Wanaume wakaendelea kupiga soga. Riziki, aliyesimama na birika la kunawia, akaona mzee kanyamaza, macho yamemtoka. Akapiga ukelele, "Baba amekabwa na nyama!"

Chausiku akaruka mkeka wa wanaume, adabu baadaye. Akamkumbatia mzee kwa nyuma, akambana tumbo kwa nguvu zake zote, pande likapanda.

Likanasa kooni. Mashavu akatia vidole. Mzee akamng'ata, naye hakuvitoa mpaka alipolishika na kulichomoa.

Mnadhani mzee alishukuru? Wapi! "Aliyeniokoa ajitokeze, mmoja tu, aombe lolote nitampa. Lakini aliyekata pande lile alitaka kuniua. Leo hii arudi kwao, wajukuu wangu abaki nao baba yao."

Jamani!

"Si wewe baba uliyetaka pande nene?" Mashavu akalia, damu ikimtoka vidoleni. "Basi ombi langu ni kubaki na wanangu."

"Ombi lako?" Riziki akafoka. "Bila macho yangu ungechomolea maiti! Mwanangu hana maziwa, mimi nataka ng'ombe."

"Na bila mikono yangu vidole vyako vingefika wapi?" akadakia Chausiku. "Nimechoka kulima mashamba ya watu. Nataka shamba la baba la bondeni."

"Amueni wenyewe," akasema mzee, akaagiza aletewe nyama nyingine.

Toa macho, toa mikono, toa vidole, chochote kati ya hivyo, mzee tungekuwa tumemzika. Na ombi ni moja. Mashavu yuko mlangoni na furushi lake, kitinda mimba wake kamng'ang'ania gauni.

Haya, msitazame chini. Ungempa nani?