Neno Alilolichagua Mkalimani

"Nisomee tena, kaka. Polepole."

"Nimekusomea mara tatu, Tusekile! Watamchukua Subilaga akasome. Unataka niimbe?"

"Imba basi, maana macho yako hayanitazami."

Mtu huyu, Ambindwile, alikuwa na lugha tatu. Dada yake alikuwa na moja, na mtoto mmoja, Subilaga. Mume na mke kutoka Denmark, waliokuja kuanzisha kiwanda cha maziwa, hawakuwa na mtoto. Ndio waliomfundisha Ambindwile lugha yao, wakamkalisha mezani pao, wakamsifu mbele ya wageni. Sasa walikuwa wanarudi kwao.

Tusekile alikuwa amempa kaka yake maneno machache ya kuwaandikia: wamchukue mwanangu, asome miaka minne, wamrudishe. Kwa Kiingereza, kuchukua kulitoshwa na neno moja, take. Lakini barua ya idhini ya mama ilitakiwa iwe ya Kidenishi, na alipofungua kamusi alikuta neno lile moja limejaza ukurasa mzima. Kulikuwa na kuchukua picha, na kuchukua nafasi ya mtu. Kulikuwa na tage med, kumchukua mtu mkafuatana naye. Kulikuwa na tage til sig, kumchukua mtu awe wako. Tofauti aliijua vizuri. Akainua kichwa kuuliza, akamwona yule mama Mdenishi ameshika kigauni kipya, anakikunja na kukikunjua mapajani, anasubiri. Ambindwile hakutaka kuuona uso ule ukibadilika. Akaandika lile la mwisho, tage til sig, na habari ya kurudi akaiacha.

Sasa gari lilikuwa uani, linanguruma. Tusekile alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya barua asiyoweza kuisoma, kwa sababu aliyemsomea alikuwa mtoto wa mama yake.

Subilaga aliambiwa aipeleke barua garini. Alikuwa darasa la pili. Alipofika mlangoni alisimama, akaushushia macho ukurasa ule mstari kwa mstari, kidole kikitafuta. Alama ya mama yake ilikuwa bado mbichi. Ambindwile alitaka kumwambia atoke haraka.

Mtoto akageuka.

"Mjomba, jina langu nimeliona. Kurudi kwangu umekuandika wapi?"