Uso wa Mize Ulioibwa Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Ya leo naisimulia kwa hasira, na atakayecheka nitanyamaza.

Palikuwa na msichana akiitwa Mize. Alipoanza kukua, uso ukamtoka chunusi, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Bibi yake, Bi Kazija, akamsagia liwa, akampaka ute wa mshubiri kila jioni.

"Subiri, mjukuu wangu," akamwambia. "Usizitumbue. Zina siku zake."

Lakini watu, watu! Akienda kisimani, "Mize uso fenesi!" Akirudi kutoka kisimani, "Mize uso fenesi!" Hata harusini alipoimba, "Mize uso fenesi!" Watu wazima hao, wenye ndevu zao!

Basi, siku moja kisimani akatokea mwanamke mgeni, uso laini kama yai, mkononi ana kibuyu.

"Mwanangu, nani atakuoa na uso huo? Paka dawa hii mara tatu."

"Nitakulipa nini?"

"Sitaki malipo. Nitachukua tu kile usichokipenda."

Mize akapaka mara ya kwanza, chunusi zikatoweka. Akapaka mara ya pili, nyusi zikatoweka. Akapaka mara ya tatu, macho, pua na mdomo vikatoweka! Uso ukabaki mtupu kama sinia, na vitundu viwili vya kupumulia.

Akapapasa njia hadi nyumbani. Bi Kazija akamjua kwa mikono yake.

"Nani kakufanya hivi?"

Mize akanyoosha kidole kuelekea kisimani. Bi Kazija akatwaa mchi, akatwaa na bakuli la mshubiri, akaenda mbio.

Kumbe yule mgeni ni zimwi! Akalikuta limeuvaa uso wa Mize, linajitazama majini. Watu wamesimama, wameduwaa.

"Nipe uso wa mjukuu wangu!"

Zimwi likacheka.

"Nipe uso wa mjukuu wangu!"

"Aliukataa mwenyewe," likajibu.

"Hakuukataa! Hawa ndio waliomfundisha kuuchukia!" Akawageukia watu, nao wakatazama chini. "Nipe uso wa mjukuu wangu!"

Akalitwanga zimwi mguuni kwa mchi. Lilipoinama kwa maumivu, akalimwagia ute wa mshubiri. Uso ukateleza, akaudaka. Zimwi likakimbilia mwituni na sura yake halisi ya magome ya mti, wala halikuonekana tena.

Bi Kazija akamrudishia Mize uso wake. Mize akajipapasa.

"Bibi, chunusi zimerudi!"

"Zimerudi, na wewe umerudi. Anayetaka kucheka acheke sasa, mchi ninao."

Hakucheka mtu.

Liwa na mshubiri vikachukua miezi, si kupaka mara tatu. Chunusi nyingi zikaondoka, chache zikabaki, na Mize akaimba harusini uso wazi.

Ngano yangu imekomea hapa. Hasira yangu bado. Chunusi hupona, wanangu. Msimcheke mtu kwa uso wake, na anayewaahidi uso mpya kwa kupaka mara tatu, mkimbieni.